Teknolojia: Namna usafi wa diski ulivyofuta faili milioni 34

Mwezi Desemba 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto, nchini Japani, walipoteza kazi iliyokuwa kwenye kompyuta kubwa ya chuo hicho. Kwa muda wa siku mbili, tangu tarehe 14 hadi 16, mfumo wa kutunza nakala ulifuta terabaiti 77, sawa na faili zipatazo milioni 34. Makundi 14 ya watafiti yaliguswa. Manne kati yao hayakuweza kurudishiwa faili zao.

Hapakuwa na mwizi wala virusi. Kampuni ya Hewlett Packard Enterprise, iliyotengeneza mfumo huo, ilikubali kwamba kosa ni lake. Ndani ya mfumo kulikuwa na agizo dogo la usafi: kufuta faili za shajara, zile ambamo mashine huandika kila ilichofanya, zikishapita siku 10. Wahandisi waliweka toleo jipya la programu wakati lile la zamani lilikuwa bado linatembea. Bash husoma maagizo kidogo kidogo huku ikiyatekeleza, kwa hiyo iliendelea katikati ya toleo jipya bila kupitia mwanzo wake, mahali lilipoandikwa jina la folda ya kusafishwa. Jina likabaki tupu, na agizo la kufuta likaingia kwenye diski yenyewe ya watafiti.

Kisa hiki kinamhusu yeyote anayetunza seva ya watu wengi, iwe ya chuo, ya shirika au ya gazeti. Katika Unix na ndugu zake kama Linux, kila mtumiaji ana folda yake ya nyumbani, mara nyingi chini ya /home. Milango ni tofauti lakini diski ni moja, kama wapangaji wa kiwanja kimoja wanaochota maji kwenye pipa moja. Mmoja akijaza video zake, mwenzake anashindwa kuhifadhi hata ukurasa mmoja wa tasnifu. Wakati mwingine hata kuingia kunakataa: anaandika neno la siri, ni sahihi, kisha skrini inamrudisha alikotoka, kwa sababu mashine imekosa nafasi ya kuandika faili ndogo ya kumfungulia.

Hapo simu ya fundi inaanza kulia, naye anaanza kufuta kwa haraka. Hiyo ndiyo saa ya hatari.

Kwanza atazame. Agizo df -h linaonyesha diski ipi imejaa, na du -sh /home/* linaonyesha kila nyumba imekula kiasi gani. Mara nyingi mlafi si tasnifu ya mtu bali folda zilizofichwa kwa nukta mbele ya jina, kama .cache, au pipa la takataka ambalo mwenyewe hajawahi kulimwaga. Kuna pia mitego miwili inayosumbua hata wazoefu. Diski inaweza kuwa na nafasi lakini ikakataa faili mpya, kwa kuwa idadi ya faili imefika kikomo. Df -i ndiyo inayosema hivyo. Na faili iliyofutwa huku programu bado imeifungua hairudishi nafasi mpaka programu hiyo ifungwe.

Dawa ya mapema ipo tangu zamani. Mwaka 1983, Unix ya Berkeley, toleo la 4.2, ilitoka na mfumo wa kugawia kila mtumiaji kiasi chake, kazi ya Robert Elz wa Chuo Kikuu cha Melbourne. Kuna kikomo laini, ambacho mtu anaweza kukivuka kwa muda, kwa kawaida siku 7 kwenye Linux, na kikomo kigumu ambacho hakivukwi kabisa. Kwa maoni yetu, kinachozuia mafundi wengi kuutumia si ugumu wake. Ni kwamba mkubwa wa ofisi hapendi kupimiwa.

Jambo lingine linalosahauliwa ni wanaoondoka. Agizo userdel -r linafuta akaunti pamoja na folda yake ya nyumbani papo hapo, bila kuuliza. Bila -r, folda inabaki chini ya namba ya zamani. Mfanyakazi mpya akipewa namba hiyo, anakuwa mwenye faili za aliyemtangulia, barua na mishahara ikiwa humo. Afadhali kuhamisha folda kwanza mahali pengine, kuifungia, na kupanga tarehe ya kuifuta.

Kyoto, chuo kilisimamisha zoezi la nakala mpaka programu irekebishwe, kikawaomba watumiaji waweke faili zao muhimu kwenye mfumo mwingine pia.