Daktari Aliyejihoji Mwenyewe

Paukwa! Pakawa! Leo, wapenzi wasomaji wangu, sungura na fisi wapumzike. Kisa nilichowaletea ni cha kweli, na kilitokea London, Uingereza, mwaka 1854.

Mwishoni mwa Agosti mwaka huo kipindupindu kiliuvamia mtaa wa Soho. Mtu aliamka mzima, na jua likizama alikuwa amekauka kwa kuhara na kutapika. Katika siku kumi hivi walikufa watu zaidi ya 500, wote wa eneo dogo ambalo ungelimaliza kwa miguu kwa dakika chache tu. Waliokuwa na pa kwenda walifunga mizigo wakahama.

Jibu lilikuwa tayari midomoni mwa watu. Wakubwa wa tiba walisema ugonjwa huu unaletwa na hewa chafu, ile harufu ya mitaro na uozo. Na kwa kuwa mji ulinuka kweli, wachache sana waliona haja ya kuuliza zaidi.

Jirani na Soho aliishi daktari aliyeitwa John Snow. Yeye alikuwa amejiuliza: kama ugonjwa huu unavutwa kwa pua, mbona unaanzia tumboni badala ya kifuani? Kwa hiyo tangu 1849 alikuwa ameandika kwamba kipindupindu huingia mwilini kwa kumezwa, hasa pamoja na maji. Wengi hawakumwamini.

Basi Snow akaomba orodha ya waliokufa kwenye ofisi ya msajili wa vifo. Kutoka humo akachukua vifo 83 avichunguze. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba akiuliza maji ya kunywa yalichotwa wapi. Akakuta kwamba karibu wote waliishi jirani na pampu moja ya mkono, iliyokuwa Broad Street.

Sasa simameni hapa kidogo, vijana wangu. Daktari amepata alichokuwa akikitafuta. Angeweza kupiga kelele, "Niliwaambia!" Lakini alijiuliza swali gumu kuliko yote: kama nimekosea, kosa litaonekana wapi? Akaenda kulitafuta.

Kwanza aliwafuata marehemu kumi walioishi karibu na pampu nyingine. Hao walipatwaje? Familia tano zilimjibu kwamba siku zote zilituma watu Broad Street kwa sababu ziliyapenda zaidi maji ya huko. Watatu walikuwa watoto waliosoma shule iliyo karibu na pampu ile. Wawili waliobaki hawakuwa na uhusiano nayo, naye hakuwaficha. Aliwaandika kama alivyowakuta.

Kisha akageuza swali: nani yuko karibu na pampu, na bado ni mzima? Palikuwa na nyumba ya kutunzia maskini yenye watu 535. Walikufa 5 tu. Kumbe nyumba hiyo ilikuwa na kisima chake. Palikuwa pia na kiwanda cha bia chenye wafanyakazi zaidi ya 70, na hakuna hata mmoja aliyekufa. Mwenye kiwanda alimweleza kwamba watu wake walipewa bia, na kwamba pampu ile hawakuwa na haja nayo.

Likabaki fumbo moja. Hampstead, mbali na Soho, alikufa mama mjane ambaye hakuwa amefika Broad Street kwa miezi mingi. Snow akaenda kumwuliza mwanawe. Akaambiwa kwamba mama aliyapenda maji ya pampu ile, hata akawa anapelekewa chupa kubwa kila siku kwa mkokoteni. Mpwa wake aliyemtembelea aliyanywa, akarudi kwao Islington, naye akafa.

Tarehe 7 Septemba Snow alikwenda mbele ya wazee wa parokia akawaeleza aliyoyaona. Kesho yake mpini wa pampu ukang'olewa.

Mnangoja niwaambie kwamba ugonjwa ukakoma siku hiyohiyo? Snow mwenyewe alikataa kusema hivyo. Aliandika kwamba vifo vilikuwa vimeshapungua kwa kuwa watu wengi walikuwa wamekimbia. Hata aliposhinda aliendelea kujihoji.

Kasisi wa mtaa huo, Henry Whitehead, hakukubaliana naye. Akaanza uchunguzi wake ili amkosoe, lakini naye alikuwa mkweli kwa maswali yake. Akagundua kwamba karibu kabisa na pampu aliugua mtoto mchanga, na maji yaliyofulia nepi zake yalimwagwa kwenye shimo la maji machafu lililopakana na kisima cha pampu hiyo. Mpinzani akageuka shahidi.

Tunasema kuuliza si ujinga, na mara nyingi tunafikiria kumwuliza mwalimu au mzazi. Mimi nawasihi mjifunze kujiuliza wenyewe. Mkebe wako wa hesabu ukipotea darasani na moyo ukamshuku jirani yako wa dawati, kabla hujamtaja jiulize: nimeona nini kwa macho yangu, na nini nimedhani tu? Kama ni yeye, nini kingine kingekuwa kweli? Kuna jambo gani lisilopatana na dhana yangu, na nani anaweza kunieleza? Maswali hayo hayachukui hata dakika tano, lakini yanaweza kuokoa urafiki na heshima ya mtu asiye na hatia.

Fanya vivyo hivyo unapochagua masomo, rafiki, au namna ya kutumia fedha yako. Jibu baya mara nyingi huanza kututia shaka lenyewe. Jibu linalotupendeza ndilo hatari, maana hutufanya tuache kutafuta. Ukilipata jibu la namna hiyo, furahi, kisha jiulize swali moja zaidi.