Shailoki wa Kitabuni na Majirani wa Mbale

Watoto wetu huku ughaibuni wakifika sekondari huletewa The Merchant of Venice, tamthilia ya Shakespeare. Wazazi waliosomea Bungoma na Kitale huichangamkia, hasa wale wanaoikumbuka tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969, Mabepari wa Venisi. Shida ni kwamba Shylock, mkopeshaji fedha wa tamthilia hiyo, tulishamtoa kitabuni kitambo. Kuanzia kwetu Bokoli, magharibi mwa Kenya, hadi Kitale, anayekopesha kwa riba ya kukaba koo anaitwa shailoki, na wengi wanaomtaja hivyo hawajui kwamba mhusika mwenyewe ni Myahudi. Mtoto akija kulijua darasani, anajijazia: kumbe Wayahudi ndivyo walivyo.

Swali la mtihani nalo humsukuma huko huko. Eleza sifa za Shylock. Mtoto anajibu: katili, mchoyo, mwenye kisasi. Anapata alama zote. Haulizwi kwa nini Antonio, mfanyabiashara anayesifiwa kuwa muungwana, humtemea Shylock mate na kumwita mbwa, wala kwa nini mwishoni Shylock analazimishwa kubatizwa.

Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290, na hawakuruhusiwa kurudi hadi miaka ya 1650. Shakespeare aliandika mnamo 1596, ndani ya pengo hilo. Kwa hiyo wengi wa watazamaji wake hawakuwahi kuishi jirani na Myahudi aliyefuata dini yake waziwazi. Walimjua kwa mahubiri na visa tu. Kwingi Ulaya Wayahudi walikatazwa kumiliki ardhi na kuingia katika vyama vya mafundi, wakabakiziwa kazi chache, mojawapo kukopesha fedha. Kisha wakachukiwa kwa kuifanya. Mwaka 1943, Vienna ikiwa chini ya Wanazi, tamthilia hii ilichezwa kwa kumdhihaki Myahudi, ilhali karibu Wayahudi wote wa mji huo walikuwa wamekwisha kukimbia au kusombwa kupelekwa kambini.

Kwa dhana kwamba Wayahudi ndivyo walivyo, sisi wa Bokoli tuna jibu la karibu zaidi kuliko Venisi. Ukivuka mpaka wa Uganda pale Lwakhakha, Mbale si mbali, na huko, miongoni mwa ndugu zetu Wagisu, wanaishi Abayudaya, Wayahudi wa Uganda. Semei Kakungulu, jemadari aliyewahi kuwatumikia Waingereza kisha akakosana nao, aliingia dini ya Kiyahudi mwaka 1919 pamoja na wafuasi wake. Idi Amin aliipiga marufuku dini hiyo na wengi wakaiacha. Waliobaki walisali kwa siri. Mwaka 2004 wakulima wa Kiyahudi, Wakristo na Waislamu wa huko waliunda ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera. Mtoto akishawajua hawa, wanaopalilia mibuni kama shangazi zake, itakuwa vigumu kumwaminisha kwamba riba imo damuni mwa Myahudi.

Sioni haja ya kupiga vita kitabu. Mzazi, zungumza na mwalimu, umwombe darasa lisome pia yale maneno Shylock anayouliza kama Myahudi hatoki damu akidungwa. Mwanafunzi naye anaweza kuandika katika insha yake nani alimtendea nani ubaya kwanza. Hoja hiyo ina ushahidi tele.

Siku hizi darasani kuna jambo jingine linalowahusu Wayahudi. Kuikosoa serikali ya Israeli ni haki ya mwanafunzi yeyote. Kumgeukia mwenzake wa Kiyahudi na kumtaka ajibu yanayotendeka Gaza, kana kwamba ndiye aliyeyaamuru, ni chuki. Mtoto akiyasikia hayo darasani, amwambie mwalimu siku hiyo hiyo, na ayaandike yalivyosemwa, pasipo kuyapunguza makali.