Kujifundisha Ubunifu: Mazingatio kwa Mwanafunzi wa Madrasa



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, katika toleo hili nimependa tuzungumze kuhusu ubunifu, yaani kazi ya kuitazama shida iliyopo na kupanga kitu cha kuiondoa kwa vifaa unavyoweza kuvipata. Wengi wetu hapa Rau tunadhani kazi hiyo ni ya waliofika chuo kikuu tu. Mimi pia nilidhani hivyo.

Kosa langu

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu mmoja alikuja darasani na kijifaa ndani ya mfuko wake wa madaftari. Alikuwa amechomoa mota ndogo ya redio mbovu, akakata chupa ya maji kuwa mapanga ya feni, akafunga vyote kwenye kipande cha ubao. Wakati wenzake wanasoma tajwidi, yeye anakipuliza chinichini. Nikamnyang'anya. Nikamwambia aache mambo ya kitoto, nikakifungia kabatini, na baada ya wiki nikamrudishia. Sikumuuliza kinafanya kazi gani. Tangu siku ile sikumwona tena na kitu alichokiunda kwa mkono wake.

Kumkataza kuchezea darasani ilikuwa haki yangu. Kutomuuliza baada ya darasa ndilo kosa langu. Baadaye nilisoma habari za kijana wa nchi jirani ya Malawi, nikajiona.

William Kamkwamba ni nani?

William Kamkwamba alizaliwa mwaka 1987 na kukulia kijiji cha Masitala, eneo la Wimbe, karibu na Kasungu. Baba yake alikuwa mkulima. Mwaka 2001 mavuno yaliharibika, na hadi mwaka 2002 Malawi ilikuwa katika njaa kali. Nyumbani kwao walifikia kula mlo mmoja kwa siku. William alikuwa ndiyo kwanza ameingia sekondari. Ada ikakosekana, akarudishwa nyumbani akiwa na umri wa miaka 14.

Ili asiachwe nyuma na wenzake, akawa anakwenda kwenye maktaba ndogo iliyokuwa katika shule ya msingi ya Wimbe. Huko alikuta kitabu cha Kiingereza kinachoeleza habari za nishati, chenye picha za mitambo ya upepo. Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Alianza na michoro, kisha akatafuta maana ya maneno yaliyoandikwa chini yake, moja baada ya jingine. Akaelewa kuwa mtambo ule unaweza kutoa umeme na kuvuta maji. Kwa mtoto aliyeona njaa iliyoletwa na ukame, maji ya kumwagilia ni chakula.

Udadisi ulitangulia

Lakini kitabu kile kilimkuta tayari anauliza. Kabla ya hapo alikuwa akifungua redio mbovu pamoja na jamaa zake ili kujua sauti inatoka wapi. Aliona pia baiskeli yenye dainamo, akataka kujua kwa nini mtu akikanyaga pedali taa inawaka.

Jibu lake si gumu. Ndani ya dainamo mna sumaku na nyaya za shaba zilizoviringishwa. Sumaku ikizunguka karibu na nyaya hizo, umeme unapita. Gurudumu linachofanya ni kuizungusha tu. Basi William akajiuliza: ikiwa mguu wa mtu unaweza kuizungusha, kwa nini upepo usiweze?

Alivyouunda

Hakuwa na fedha ya kununua vifaa, hivyo alitafuta katika vyuma chakavu. Feni ya trekta ikawa kitovu. Chuma cha shokapu kikawa mhimili. Baiskeli mbovu ya baba yake ikatoa fremu na mnyororo. Mapanga aliyatengeneza kwa bomba la plastiki, akalipasua, akalipasha moto mpaka likalainika, akalinyoosha. Pale palipohitaji washa aliweka vizibo vya chupa. Hakuwa na drili, akatoboa kwa msumari uliochomwa moto, mpini wake gunzi la hindi. Dainamo alinunuliwa na rafiki yake.

Watu walipomwona akiokota vyuma walisema amerukwa na akili. Mwaka 2002 alisimamisha mnara wa miti ya mkaratusi wenye urefu wa mita 5 hivi, mapanga yakazunguka, na taa ndogo ikawaka mbele ya wale waliokuwa wakimcheka.

Makosa yalivyomfundisha

Ndugu msomaji, wengi tukisikia neno ustahimilivu tunadhani ni kukaza roho tu. Ustahimilivu wa mbunifu ni kurudi kwenye kazi na kuuliza imeharibika wapi. Mnara wa kwanza ulikuwa mfupi na miti ilizuia upepo, akajenga mwingine wa mita 12 hivi. Hakuwa na swichi za dukani, akaunda zake kwa raba ya ndala na spoku za baiskeli. Nyaya zilipogusana darini, angeweza kuunguza nyumba yao. Akarudi kwenye yale aliyoyasoma kuhusu sumaku, akaviringisha waya kwenye misumari, akapata kifaa cha kukata umeme wenyewe ikitokea shoti. Kila kosa likawa somo.

Alifika Arusha, akarudi darasani

Mwaka 2006 gazeti la Malawi liliandika habari zake. Mwezi Juni 2007 aliitwa kwenye mkutano wa TED uliofanyika Arusha, mji ambao kutoka hapa Moshi ni kiasi cha kilomita 80 tu. Alikuwa na umri wa miaka 19. Alisimama mbele ya wasomi na matajiri, akaeleza kwa Kiingereza kifupi alichokifanya, na watu wakajitolea kumsomesha.

Hapa ndipo penye funzo kubwa. Kijana aliyejifundisha mwenyewe hakusema, "Sasa sihitaji mwalimu." Alirudi shule, akasoma Afrika Kusini, kisha chuo cha Dartmouth nchini Marekani alikohitimu mwaka 2014. Kujifundisha si kumdharau mwalimu. Ni kutokukaa ukingoja mwalimu aje ndipo uanze. Na hata alipokuwa peke yake, alikuwa na mwandishi wa kitabu, mkutubi, jamaa na rafiki aliyetoa fedha yake.

Sisi Waislamu jambo hili si geni. Umma wetu ulianza kwa amri ya kusoma. Al-Jazari, fundi Mwislamu aliyekamilisha kitabu chake cha mitambo mwaka 1206, alieleza vifaa vyake kwa michoro na hatua zake, ili fundi mwingine aweze kuviunda.

Wewe uanzie wapi?

1. Anza na shida ya nyumbani kwenu, hata ndogo.

2. Fungua kitu kilichokufa, tena kwa idhini ya mwenyewe. Chuma cha mtu ni mali ya mtu.

3. Andika katika daftari ulichokifanya na kilichotokea. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, vinginevyo hutajua kipi kilileta nafuu.

4. Uliza mafundi. Nenda maktaba.

5. Tumia betri ndogo. Usiguse nyaya za TANESCO, wala usifungue kifaa kilichochomekwa.

6. Usiache swala wala darsa kwa kisingizio cha ubunifu. Kila jambo lina wakati wake.

Nanyi wazazi wangu, mtoto akivunja kitu, muulizeni kwanza alikuwa anatafuta nini. Baada ya hapo mkanyeni ikibidi.

Mwezi wa Ramadhani uliopita nilimwendea yule mwanafunzi wangu, sasa amekuwa kijana. Nikamwomba radhi, kisha nikamuuliza kile kijifaa kilikuwa cha nini. Akasema alitaka kujua kama akikipuliza, taa ya tochi itawaka. Nikamuuliza, "Je, iliwaka?"

Akajibu, "Sijui, Ustadh. Niliacha."

Tumekubaliana aanze tena, na safari hii nitakuwepo. Namuomba Allah (S.W.) atupe elimu yenye manufaa, na atujaalie sisi walimu tusiwe sababu ya mtoto kuacha kuuliza. Amin.

Wabillahi tawfiq.