Mfidhuli au Mshamba? Neno 'boorish' katika Kuchambua Wahusika

Mwalimu mwenzangu, mtahiniwa anapoulizwa sifa za mhusika, aghalabu hufikiri kwanza kwa Kiingereza kisha akatafuta neno la Kiswahili la kuziba pengo. Chukua neno 'boorish'. Maana yake leo ni kukosa adabu na staha. Hata hivyo, asili yake ni 'boer', neno la Kiholanzi lenye maana ya mkulima. Ndilo jina la wale walowezi wa Afrika Kusini tuwaitao Makaburu. Mwingereza, basi, alianza kwa kumdharau mtu wa mashambani, akaishia kulaumu tabia.

Kiswahili nacho kina 'mshamba': mtu wa shamba aliyegeuzwa kuwa mtu asiyejua mambo ya mjini. Hapa pana mtego. Mshamba haijui desturi. Mfidhuli anaijua na kuidharau. Mjuvi naye hujitia katika yasiyomhusu, na safihi hutoa maneno machafu.

Mwelekeze mwanafunzi ajiulize: mhusika ametenda nini, kwa nani, na je, alikusudia? Kijana anayemkejeli mzee barazani ni mfidhuli hata akivaa suti. Mkulima anayeingia sebuleni kwa tajiri na miguu yenye matope si mfidhuli. Mhusika mwingine akimwita hivyo, tumchunguze huyo anayemwita, kwani huenda mwandishi anafichua dharau ya kitabaka. Mwanafunzi akiandika kwamba mkulima 'hana adabu', atakuwa amejiunga na wanaomdharau, na maudhui yamempita.