Jina la Hoteli ni Mali, Lilindwe

Pale Holili, wilayani Rombo, barabara itokayo Moshi na Himo inapoingia Taveta katika nchi jirani ya Kenya, kila mzigo una hati yake na kila msafiri ana pasi yake. Tangu mwaka 2016, kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa, msafiri husimama mara moja tu, upande wa nchi anayoingia, na maofisa wa nchi zote mbili humkagua hapo hapo.

Lakini mgeni wa leo haianzi safari yake Holili. Huianza nyumbani kwake, Berlin au Toronto, akichagua hoteli na kutuma fedha kwa njia ya intaneti. Huko hakuna ofisa wala kizuizi. Mara nyingi dalili ya kwanza ya kwamba hoteli hiyo iko kweli Marangu au Nungwi ni jina la anwani lililo mbele ya macho yake. Kwa hiyo jina hilo ni mali, na linastahili ulinzi kama mali nyingine yoyote.

Kila anwani ya intaneti imo ndani ya kikoa fulani. Kikoa cha Tanzania ni .tz, kilichoingizwa katika orodha ya dunia Julai 1995. Ndani yake imetengwa mitaa: go.tz ya Serikali, ac.tz ya vyuo, sc.tz ya shule, co.tz ya biashara, na hotel.tz iliyowekwa mahsusi kwa ajili ya hoteli. Mwaka 2006 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, pamoja na chama cha watoa huduma za intaneti, iliunda tzNIC ili kutunza daftari la majina hayo. Mwenye hoteli hupitia kwa wakala aliyeidhinishwa, hulipa ada, na muda ukiisha hulipa tena. Asipolipa, jina humtoka, na mwingine aweza kulitwaa.

Ndugu zetu wa visiwani wanalijua neno kikoa tangu zamani: leo twala kwa huyu, kesho kwa yule, na kila mmoja hutoa zamu yake. Ndivyo ulivyo mtaa wa hotel.tz. Mmoja akimdhulumu mgeni, aibu huwapata wote waliomo, wa Kilimanjaro na wa Unguja na Pemba.

Hatari ziko mbili. Ya kwanza ni ya tapeli, anayesajili jina linalofanana na la hoteli ya kweli, pengine kwa kuongeza herufi moja tu, akapokea malipo ya vyumba asivyokuwa navyo. Ya pili hutokana na uzembe: mwenye hoteli humwachia fundi au jamaa asajili jina kwa jina lake mwenyewe. Siku fundi akiondoka, huondoka na ufunguo wa tovuti na wa barua pepe, na mwenye mali hana hati ya kudai haki yake.

Dunia imekwisha kuonyesha kwamba mtaa wa namna hii waweza kuwekewa mlinzi. Mwaka 2000 vilikubaliwa vikoa vya .aero kwa shughuli za ndege na .coop kwa vyama vya ushirika, jambo lisilo geni chini ya mlima huu ambako KNCU iliandikishwa mwaka 1933. Anayetaka jina la .aero sharti kwanza athibitishe kuwa yumo katika shughuli hiyo.

Hapa kwetu ulinzi unahitaji mashauriano. Mawasiliano ni jambo la Muungano; utalii si jambo la Muungano. Bara huongozwa na Sheria ya Utalii ya 2008, na Zanzibar ina Kamisheni yake ya Utalii. Jina hutolewa na mkono mmoja, leseni hutolewa na mikono mingine. Tunapendekeza kwamba mwombaji wa hotel.tz aonyeshe namba ya leseni yake, ya Bara au ya Zanzibar, na leseni ikifutwa, mtunza daftari apewe taarifa mara moja.

Wapo watakaosema kuwa huo ni urasimu. Hatukubaliani nao. Dereva wa lori apitaye Holili hakuomba ukaguzi uondolewe. Alitaka ukaguzi mmoja, wa haraka na wa haki. Mwenye nyumba ya wageni ya vyumba sita Jambiani naye hastahili kuzungushwa ofisi kwa ofisi.

Tunatoa wito kwa wenye hoteli wote: sajilini majina kwa jina la hoteli yenyewe, wekeni hati pamoja na hati za kiwanja, na lipeni ada kabla ya siku ya mwisho. Kwa viongozi wa pande zote mbili tunasema: kaeni pamoja mlimalize jambo hili. Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akiibiwa kabla hajafika, mwenyeji atapona kwa nini?