Trekta Likishuka Kutoka Nanyuki

Kutoka Nanyuki hadi Mwea barabara inashuka zaidi ya mita 700. Anayevuta trekta dogo kwa trela kulipeleka kwenye mashamba ya mpunga hupita Naro Moru, Chaka, Karatina na Sagana, na sehemu kubwa ya safari mzigo unamsukuma kwa nyuma. Akikanyaga breki ghafla, trekta la tani moja na nusu linataka kuendelea na safari. Ndiyo maana vifungio hupimwa viweze kuzuia angalau asilimia 80 ya uzito huo kuelekea mbele, yaani kilo 1,200.

Kamba ya manila ya kufungia marobota ya nyasi haiiwezi kazi hiyo. Zinatakiwa cheni nne, mbili zivute mbele na mbili nyuma, kila moja na kikazio chake. Utingo mwenye haraka hutia ndoano popote mkono unapofika, hata kwenye chuma cha usukani, nacho hupinda. Kwa nyuma, cheni ishike ekseli. Kwa mbele ishike fremu, kwa sababu ekseli ya mbele inacheza kwenye pini moja ya katikati. Ukiifunga hiyo peke yake, mwili wa trekta utaendelea kuyumba.

Halafu kuna magurudumu. Trekta halina springi, hivyo mpira wenyewe ndio unaobonyea. Kila tuta likipitwa, gurudumu linabonyea, cheni inalegea kidogo, inakaza tena, mpaka ndoano inachomoka. Cheni iliyokazwa barabara Naro Moru inaweza kufika Chaka imelegea. Dereva na asimame hapo, azivute zote kwa mkono, kisha arudie Karatina kabla ya mteremko wa Sagana. Gia iwe imeingizwa, breki ya mkono imevutwa, plau imeshushwa ikalala sakafuni.

Linaloniuma zaidi ni vibarua kuketishwa juu ya trekta lililo kwenye trela. Cheni ikikatika, hao hawana pa kushika. Wapande gari, au wapewe nauli ya matatu.

Mkifika Mwea, trela lisifunguliwe kwenye gari kabla trekta halijashuka. Uzito ukihamia nyuma, trela la ekseli moja huinua pua juu, na trekta likaporomoka pamoja na dereva wake.