Usugu wa Bakteria Dhidi ya Dawa za Madini ya Fedha

Madini ya fedha yalitumika kupambana na vimelea vya magonjwa miaka mingi kabla ya antibiotiki kugunduliwa, na mnamo 1881 daktari Mjerumani Carl Credé alieleza jinsi tone la nitrati ya fedha, yaani chumvi ya madini hayo, linavyoweza kuwakinga watoto wachanga na upofu utokanao na kisonono cha mama. Tangu miaka ya 1960 hospitali nyingi duniani zimekuwa zikipaka majeraha ya moto krimu nyeupe ya sulfadiazini ya fedha, na siku hizi madini hayo hutiwa pia katika bandeji, mipira ya mkojo, vichujio vya maji na hata soksi.

Kuenea huko kumeambatana na dai, linalorudiwa sana na wauzaji wa maji ya fedha ya kunywa, kwamba hakuna kijidudu kinachoweza kuwa sugu kwa madini haya. Dai hilo limejengwa juu ya nusu ya ukweli. Fedha inapoyeyuka hutoa ayoni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, ambazo hung'ang'ania protini za bakteria na kuharibu utando wake, na kwa kuwa hushambulia sehemu nyingi kwa pamoja, ni vigumu kwa bakteria kujikinga kwa badiliko moja dogo. Hata hivyo, ugumu huo haumaanishi kwamba jambo hilo haliwezekani.

Ushahidi ulipatikana mapema. Mnamo 1975 madaktari wa Boston, Marekani, walitoa taarifa ya bakteria aina ya Salmonella waliozuka katika wodi ya majeraha ya moto, ambao hawakudhurika na nitrati ya fedha iliyotumika humo wala na antibiotiki kadhaa, zikiwemo ampisilini na kloramfenikoli, na wagonjwa 3 walifariki. Mnamo 1999 watafiti waliokuwa pamoja na Simon Silver wa Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, walifafanua jeni zilizowapa bakteria hao kinga. Baadhi ya jeni hizo hutengeneza protini inayozinasa ayoni kabla hazijapenya ndani, na nyingine hutengeneza pampu zinazozitoa nje bila kukoma, mfano wa baharia afuaye maji chomboni kwa upo.

Lililo zito zaidi ni mahali jeni hizo zilipokaa. Zilikuwa kwenye plasmidi, yaani kipande cha DNA kilicho nje ya kromosomu, ambacho bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake, hata wa jamii nyingine, na plasmidi hiyohiyo ilibeba pia usugu dhidi ya antibiotiki. Kwa hiyo fedha inayotumiwa ovyo inaweza kuwaua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi wale wasiotibika kwa dawa za kawaida. Majaribio ya maabara yameonyesha vilevile kwamba Escherichia coli, bakteria wa utumbo, wanaweza kuwa sugu kwa mabadiliko ya jeni zao wenyewe, kwa kupunguza vitundu vya utando wao na kuongeza pampu.

Pamoja na hayo, usugu huu bado si wa kawaida miongoni mwa vimelea vya wagonjwa, na jeni zake mara nyingi hukutwa zimelala bila kufanya kazi, ingawa badiliko dogo tu linaweza kuziamsha. Ndiyo maana krimu na bandeji hizo zinapaswa kubaki mikononi mwa wahudumu wa afya, zitumike kwa kipimo kinachoua na kwa muda unaohitajika, kwa sababu kiwango hafifu hulea usugu. Ama maji ya fedha ya kunywa, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitamka mnamo 1999 kwamba hayatambuliki kuwa salama wala kuwa tiba, na anayeyanywa kwa muda mrefu anaweza kugeuka ngozi ikawa ya kijivubuluu maisha yake yote. Dawa inayowafaa walioungua ni amana ya umma, na haistahili kupotezwa kwenye soksi na chupa za maji zisizomponya mtu.